Naomba ushauri: maandishi madogo kwenye Ubuntu mpya

Wakuu, habari zenu. Nimehamia Ubuntu 24.04 (mfumo endeshi wa kompyuta) wiki hii na kwa kweli nimeipenda. Ile safu ya aikoni ya kushoto nimeshaishusha chini, mandhari nimeweka ya giza, hapo sina shida.

Kinachonisumbua ni maandishi. Kioo changu ni cha inchi 14, pikseli 1920 kwa 1080. Kwenye mpangilio wa ukubwa wa vitu kiooni (scale), nikiweka asilimia 100 nakodoa macho. Kwenye 200 dirisha moja tu linajaza kioo kizima. Nikiweka 125, herufi za baadhi ya programu zinaingia ukungu, "r" na "n" zikikaa pamoja naona "m".

Je, nirudi 100 halafu nikuze fonti peke yake kupitia GNOME Tweaks (programu ya kurekebisha mwonekano), au kuna njia nzuri zaidi? Nasoma humo kutwa nzima na macho yanauma. Msaada tafadhali.