Papa wadogo uani, inawezekana?

Kijana wa Bwawa: Wakuu nataka nijenge bwawa la maji chumvi uani, mita 3 kwa 2, kina sentimita 80, niweke papa wawili wale wadogo wanaoitwa bamboo. Zege litafaa?

Fundi Tangi: Hapo unapata kama lita 4,800, si mbaya, hao wanafika karibu mita moja na muda mwingi wanalala chini kwahiyo upana ndo muhimu kuliko kina. Zege lipake epoksi (rangi ngumu ya kuziba), likibaki wazi linavuruga pH, yaani kipimo cha asidi ya maji. Chini mchanga laini, wasijichune tumbo.

Mama Samaki: Na dawa ya shaba usiweke kabisaaa, inawaua. Filta iendeshe wiki kadhaa kwanza kabla hujawaweka, mpaka amonia (sumu inayotokana na uchafu majini) isome sifuri, mi niliharakisha nikazika mmoja, roho iliniuma

Kijana wa Bwawa: Duh pole dada. Mfuniko je?

Fundi Tangi: Wavu mzito, wanatoka hao usiku.