Ni nini kilichobadilisha vitu vya kuchezea watoto?

Swali: Ndugu zangu, ni nini hasa kilichotuondoa kwenye vitu vya kuchezea vya mbao na udongo hadi hivi vya betri vinavyosema vyenyewe?

Jibu la 1: Kwa maoni yangu ni plastiki. Kampuni ya LEGO ya Denmark ilianza na vitu vya mbao mwaka 1932, lakini tofali lake la plastiki la mwaka 1958 bado linashikana na la leo.

Jibu la 2: Hata hivyo, ubunifu ni wa kale: Misri ya kale ilikuwa na mnyama wa mbao ambaye taya lake lilifunguka kwa kuvutwa uzi.

Jibu la 3: Uzi huo aliuvuta mtoto mwenyewe! Mwanangu hubonyeza kitufe mara tatu, akakiacha kidude kikiimba peke yake, ilhali boksi tupu aliliendesha kama basi siku nzima.