Barua ya sufuri: gumzo la kikundi cha majirani, Leicester

Mama Najma, 19:04
Asalaam aleikum majirani. Kuna mama mmoja hapa mtaani kaniletea barua ya PIP, ile fedha ya serikali ya watu wenye ulemavu au maradhi ya muda mrefu. Amekataliwa, pointi sufuri kila mahali, kwenye mambo ya nyumbani sufuri, kwenye kutembea sufuri. Barua ya tarehe 3, leo 19. Anauliza kama ni bora aombe tena upya.

Kaka Hamisi, 19:06
Waaleikum salaam. Asiombe upya! Akianza upya anapoteza pesa zote tangu siku aliyopiga simu ya kwanza, kwa sababu PIP hailipi siku zilizo kabla ya tarehe ya dai. Ang'ang'anie dai hilo hilo. Hatua ya kwanza ni kutaka uamuzi uangaliwe upya, ile wanayoita MR.

Kaka Hamisi, 19:07
Ana mwezi mmoja, na unahesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa juu ya barua, si siku ilipoanguka mlangoni. Ajiwekee mwisho tarehe 2 ya mwezi ujao, asigombane na mtu kwa siku moja.

Feisal, 19:09
Na mtu akichelewa je? Basi tena?

Dada Saumu, 19:12
Si basi. Anaweza kuomba hadi miezi 13 tangu tarehe ya uamuzi, ila aeleze kwa nini alichelewa: kulazwa hospitali, msiba, barua kwenda anwani ya zamani, hakuna wa kumsomea Kiingereza. Akiomba ndani ya muda huo, njia ya rufaa inabaki wazi.

Dada Saumu, 19:13
Mama Najma, samahani, kabla hatujaenda mbali: karatasi zake za ukaazi zikoje? Mwenye viza iliyoandikwa kwamba haruhusiwi kupokea fedha za umma asiguse fomu yoyote kabla ya kuonana na mshauri wa uhamiaji. Na umri wake?

Mama Najma, 19:15
Ukaazi wa kudumu, yuko hapa miaka mingi. Ana 58.

Dada Saumu, 19:16
Sawa. Nimeuliza umri kwa sababu aliyekwisha fika umri wa pensheni ya serikali haanzi na PIP, anaomba Attendance Allowance, fedha ya ulemavu ya wazee, nayo haina sehemu ya kutembea. Na mgeni, hata mwenye viza safi, kwa kawaida anatakiwa awe amekaa hapa wiki 104 ndani ya wiki 156 zilizopita. Mkimbizi aliyekubaliwa hafungwi na hilo.

Kaka Hamisi, 19:18
Kesho asubuhi apige simu ofisi ya PIP aseme mambo matatu tu:
anataka uamuzi uangaliwe upya;
anataka nakala ya ripoti ya mtathmini, inaitwa PA4;
ataleta ushahidi, wasiamue kabla haujafika.
Aandike saa, tarehe na jina la aliyeongea naye. Kisha ajaze CRMR1, fomu ya kuomba MR, na kuituma kwa posta, maana neno la simu ni rahisi kupotea. Posta achukue ile risiti ya bure ya kuonyesha ametuma.

Bi Rukia, 19:24
Wanangu, hiyo PA4 ikifika isomeni kwa jicho la lugha. Ukalimani una mitego yake na ndiyo inayowanyima watu wetu pointi.

Feisal, 19:24
Shikamoo Bi Rukia. Mitego gani?

Bi Rukia, 19:29
Marahaba mwanangu. Mtathmini anaanza kwa kumuuliza mtu anaendeleaje. Mtu wetu anajibu alivyolelewa: "Sijambo, alhamdulillah." Hiyo ni salamu. Hata aliye kitandani hajambo. Ikishafika kwenye ripoti imekuwa "amesema yuko vizuri leo".

Bi Rukia, 19:33
Pili, mguu. Kwetu mguu ni tangu nyongani mpaka vidoleni. Kiingereza kina jina la mguu wa juu na jina jingine la unapokanyagia. Mkalimani akishika moja, nusu ya maumivu imebaki nje. Mkono vilevile, tangu begani mpaka vidoleni. Basi asiseme "mkono unauma". Aseme bega la kulia, kiwiko, kiganja, vidole viwili vya mwisho vimekufa ganzi.

Bi Rukia, 19:35
Tatu, "siwezi". Mtu wa Mombasa au Unguja akisema "juzi nilikuwa siwezi", maana yake alikuwa mgonjwa. Mkalimani asiyejua lugha ya pwani anafasiri "hakuweza", mtathmini anauliza hakuweza nini, mama wa watu anachanganyikiwa, na inaandikwa kwamba majibu yake hayaeleweki.

Mama Najma, 19:37
Ya Rabi. Na huyu ndivyo anavyosema!

Bi Rukia, 19:40
Na swala. "Unaswali?" "Naam, zote tano." Kwenye karatasi hiyo inaweza kugeuka ushahidi kwamba anainama na kuinuka kila siku bila taabu. Aseme anaswali kwenye kiti. Aseme nani anamwagia maji ya kuoshea miguu akitawadha. Najua ni mambo ya stara, na mtu mzima anaona haya kusema kwamba binti yake ndiye anayemvalisha. Lakini lisilosemwa halina pointi.

Dada Saumu, 19:46
Ahsante sana Bi Rukia. Hebu tuje kwenye pointi. Mambo ya nyumbani ni shughuli 10, kutembea ni shughuli 2. Kila upande una hesabu yake: 8 ni kiwango cha kawaida, 12 ni cha juu. Katika shughuli moja unachukua sentensi moja tu, yenye pointi nyingi zaidi inayokuhusu. Halafu unajumlisha shughuli kwa shughuli. Mama Najma, sababu walizoandika zinasemaje kuhusu kupika?

Mama Najma, 19:48
"Tumeamua unaweza kuandaa na kupika mlo mwepesi bila msaada." Kweli anapika, lakini binti yake ndiye anayeinua sufuria na kumwaga maji.

Dada Saumu, 19:54
Basi hapo pana pointi zake. Kipimo ni mlo mmoja wa mtu mmoja, wa vitu vibichi, unaopikwa juu ya jiko, kimo cha kiuno kwenda juu. Kuinama kwenye oveni hakuhesabiwi. Kwa hiyo asiandike "siwezi kusonga ugali wa watu sita" au "siwezi pilau ya Idi", hayo hayaulizwi. Aandike kiazi na karoti. Anamenya viazi viwili kwa dakika ngapi? Kisu kinamponyoka mara ngapi? Amewahi kujiunguza? Anakaa chini mara ngapi kabla hajamaliza? Sufuria ndogo yenye maji nusu anainua kwa mkono mmoja au miwili, au haiinuliki kabisa?
Akihitaji kifaa tu, kama kiti cha kukalia jikoni, ni 2. Akihitaji mtu wa kumsaidia au kumsimamia asiungue, ni 4.

Dada Saumu, 19:58
Kuoga: kiti cha plastiki bafuni 2. Mtu wa kumuosha nywele au chini ya kiuno 2. Mtu wa kumshika akiingia na kutoka kwenye bafu 3. Kuvaa: mtu wa kumsaidia nguo za chini, soksi na viatu, 2.
Jumlisheni: kupika 4, kuoga 3, kuvaa 2. Ni 9. Kutoka sufuri hadi kulipwa, kwa shughuli tatu tu zilizoelezwa sawasawa.

Feisal, 20:00
Lakini watasema "anaweza, ila polepole". Si ndivyo wanavyosema?

Kaka Hamisi, 20:05
Kanuni zenyewe zina jibu. Kuweza kunahesabika pale tu mtu anapofanya jambo kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kwa kurudia kila linapohitajika, na kwa muda usiozidi mara mbili ya ule wa mtu mzima wa afya. Moja likikosekana, kisheria hawezi. Tena iwe hivyo zaidi ya nusu ya siku za mwaka. Kwa hiyo neno "wakati mwingine" lifutwe kwenye fomu. Aandike "siku tano kwa wiki".

Kaka Hamisi, 20:08
Kwenye usalama kuna uamuzi wa mwaka 2017 wa majaji watatu wa ngazi ya juu: si lazima hatari iwe ya kutokea mara nyingi, uzito wa madhara nao unapimwa. Mwenye kifafa anaweza kuanguka mara moja kwa mwezi, lakini akianguka na sufuria ya mafuta moto mkononi ni balaa. Anahitaji msimamizi kila siku anayopika, si siku ya kuanguka tu.

Mama Najma, 20:10
Na kutembea? Wameandika zaidi ya mita 200.

Dada Saumu, 20:15
Watu wetu hawapimi kwa mita, wanasema "naenda hadi dukani". Basi lile la ghorofa lina urefu wa mita 10 na kidogo, kwa hiyo mabasi mawili yaliyofuatana ni kama mita 20. Kesho binti atembee naye, simu mkononi, ahesabu. Anasimama wapi? Anashika ukuta? Anapumzika dakika ngapi? Akirudi anaweza kwenda tena saa hiyo hiyo?
Anayevuka 20 lakini hafiki zaidi ya 50 bila fimbo ana 8. Akifika hapo kwa fimbo tu ni 10. Asiyevuka 20 ana 12. Maumivu aliyovumilia njiani nayo ayaseme, maana kufika huku unalia si kutembea kwa kiwango kinachokubalika.

Feisal, 20:17
Ushahidi ni barua ya daktari, au?

Kaka Hamisi, 20:22
Barua ya daktari inayotaja ugonjwa na vidonge peke yake haitoshi, kwa kuwa PIP hailipi jina la ugonjwa. Bora binti aandike daftari la wiki mbili: tarehe, saa, kilichofanyika, nani alisaidia, dakika ngapi. Na wasikimbilie kulipia barua. Nakala ya faili lake la matibabu ni haki yake bila malipo, aombe kwa maandishi na kituo cha daktari kina mwezi mmoja kumpa. Humo atafute alipolalamika kuanguka, alipotumwa kwenye mazoezi ya viungo, na vifaa alivyopewa.

Mzee Shomari, 20:26
Mimi nauliza kuchelewa. Hiyo MR inachukua muda gani? Watu wanangoja mpaka wanakata tamaa.

Dada Saumu, 20:31
Shikamoo mzee. Hapo ndipo panapouma: sheria imempa mwombaji mwezi mmoja, lakini ofisi haikupewa siku ya mwisho ya kujibu MR. Na bila barua ya majibu rufaa haifunguki. Cha kufanya: piga simu kila baada ya wiki mbili, andika kumbukumbu, kisha tuma malalamiko rasmi kwa maandishi, neno "malalamiko" lionekane juu kabisa. Yakikwama, mbunge wa eneo. Ofisi ya mbunge ina njia yake ya kuuliza faili la mtu. Ajaze ile ridhaa tu.

Kaka Hamisi, 20:34
Na si huruma tunaomba. Juni 2015 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kuwachelewesha waombaji wawili wa PIP kwa miezi mingi kulikuwa kinyume cha sheria. Hukumu haikumpa kila mtu tarehe ya kujibiwa, lakini kuitaja kwenye barua ya malalamiko kunasaidia.

Mzee Shomari, 20:35
Marahaba. Na wakikataa tena?

Kaka Hamisi, 20:41
Wengi wanaishia hapo, na ni makosa makubwa. Rufaa ni bure, inasikilizwa na jopo lisilo la ofisi: jaji, daktari, na mtu mwenye ujuzi wa ulemavu. Fomu ni SSCS1 au mtandaoni, mwezi mmoja tangu tarehe ya barua ya MR. Kwenye PIP, zaidi ya nusu ya rufaa zinazosikilizwa huishia kwa mwombaji. Achague kusikilizwa ana kwa ana au kwa video, asichague karatasi tupu. Jopo linataka kumsikia.
Kwa mwenye sufuri hakuna cha kupoteza. Ila aliye na pointi tayari, tuseme 9, akitaka 12, ajue jopo linaweza pia kushusha. Huyo aonane na mshauri kwanza.

Dada Saumu, 20:44
Na jopo linaangalia hali ilivyokuwa siku ya uamuzi wa kwanza. Akizidiwa miezi sita baadaye, hilo ni dai jingine. Barua mpya ya daktari inafaa tu ikisema "hali hii ilikuwepo wakati ule".

Feisal, 20:45
Nasikia ofisi hupiga simu kabla ya siku ya kesi, wanatoa ofa.

Dada Saumu, 20:48
Hutokea. Asijibu papo hapo. Aombe wamwambie ni pointi ngapi, upande upi, mpaka mwaka gani, kisha aseme atapiga baada ya kuongea na mshauri.

Bi Rukia, 20:53
Kwenye fomu ya rufaa pana nafasi ya kuomba mkalimani, halipiwi. Asiandike "Kiswahili" peke yake. Aandike Kiswahili cha Mombasa, cha Tanzania bara, cha Kongo. Mbarawa aandike Chimwini, kabisa. Binti asitegemee kumfasiria mama yake, jopo huleta mkalimani wake. Binti aende kama shahidi, ndiye anayejua sufuria. Na siku hiyo mama asipomwelewa mkalimani aseme pale pale, wala asione haya.

Mama Najma, 20:56
Binti mwenyewe ameacha kazi kumuuguza. Hana haki yoyote?

Dada Saumu, 21:00
Anayo, endapo anamhudumia saa 35 au zaidi kwa wiki. Mama akikubaliwa upande wa mambo ya nyumbani, binti aombe Carer's Allowance, fedha ya anayemhudumia mgonjwa, ndani ya miezi mitatu tangu uamuzi huo, ili alipwe tangu siku PIP ya mama ilipoanza. Akisubiri mwezi wa nne, malimbikizo ya huko nyuma mengi yamekwenda.

Kaka Hamisi, 21:02
Walio na ndugu Scotland msiwapelekee tarehe hizi. Kule ni Adult Disability Payment, na kuomba uangaliwe upya ni siku 42.

Mama Najma, 21:05
Mungu awabariki. Nani ana mashine ya kuchapa? Nataka hiyo CRMR1.

Kaka Hamisi, 21:06
Nachapa nakala mbili usiku huu, moja ya kufanyia zoezi. Kesho saa mbili asubuhi nakuletea mlangoni. Mwambie awe na barua yenyewe, namba yake ya bima ya taifa na kalamu nyeusi. Bi Rukia, unaweza kukaa naye wakati wa kujaza?

Bi Rukia, 21:08
Nitakuja baada ya adhuhuri. Mwambieni asinisafishie nyumba.