Modeli ya vigeu viwili au saba? Supavaiza anasema punguza, R-skwea inasema ongeza

Binti_Takwimu: Wadau mambo, projekti yangu ya masta ni kodi za bedsita kando ya Thika Road, Roysambu mpaka Githurai, nyumba 120. Modeli ya kwanza ina umbali hadi tao na ukubwa wa chumba, R-skwea (sehemu ya tofauti za kodi ambayo modeli inaeleza) 0.61. Ya pili nikaongeza maji ya kisima, pakingi, ghorofa, umri wa jengo na umbali hadi steji, ikafika 0.63, na hata R-skwea iliyorekebishwa, ile inayotoza kila kigeu unachoongeza, imepanda, 0.603 hadi 0.607. Supa anataka ndogo na haelezi kwa nini. Nifuate gani?

MzeeWaZimma: Dada, R-skwea ya kawaida haishuki ukiongeza kigeu, hata uweke namba ya simu ya keateka, kwa hivyo hiyo 0.63 isikubabaishe. Modeli ndogo iko ndani ya kubwa so piga jaribio la F, la kuona kama vigeu vitano vya ziada vinasaidia kweli au ni bahati tu: 0.02 gawa kwa 5 ni 0.004, halafu 0.37 gawa kwa 112 (120 toa vigeu 7 toa konstanti) ni kama 0.0033, F inatoka 1.21 hivi na kwenye jedwali la asilimia 5 unatakiwa kupita karibu 2.3. Haijafika. Kwa programu ya R ni anova(m1, m2) basi.

Binti_Takwimu: Sasa hiyo iliyorekebishwa mbona imepanda?

kasarani_data: Ni mpole sana hiyo, hupanda mradi F imepita 1. Kuna AIC na BIC, alama za kulinganisha modeli zinazotoza vigeu vya ziada: kwa namba zako AIC inapanda kama 3.7 na BIC kama 17.6, na kwa hizo alama ya chini ndiyo nzuri. AIC inatoza 2 kila kigeu, BIC (ya Schwarz, 1978) inatoza logi asilia ya 120, karibu 4.8.

Mama_Regresheni: Pole pole jamani, F hiyo imepima vyote vitano kwa mkupuo, kimoja chenye nguvu kinaweza kufunikwa na wenzake wanne. Mtu aliyekaa Githurai anajua maji yanavyopandisha kodi, so mi ningeongeza kisima peke yake, lakini iwe ulikifikiria kabla ya kuchungulia thamani ya p (inayoonyesha kama matokeo yanaweza kuwa bahati tu). Na hakikisha ni nyumba zilezile kwa modeli zote, pakingi ikiwa tupu R inaitupa hiyo nyumba kimyakimya.

Binti_Takwimu: Zote 120 ziko. Na nikiweka logi ya kodi?

MzeeWaZimma: Weka, kodi huwa na mkia mrefu, yaani chache ziko juu sana. Ila AIC ya logi usiilinganishe na ya shilingi.