Kliniki ya sukari tuipime kwa namba za daftari au kwa miguu ya wagonjwa?

Binti wa Temeke
Mama anahudhuria kliniki ya sukari mwaka wa 7 sasa. Kila mwezi ni foleni tangu alfajiri, kuchomwa kidole, presha, vidonge vya metformin vya kushusha sukari, kwaheri. Daftari lake limejaa sukari ya 6 na 7, safi kabisa. Miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia avue viatu. Mwezi wa tatu alikanyaga msumari asisikie. Nimeuona mimi nilipokuwa naosha kandambili zake. Kidole kimekatwa. Kliniki hiyo tuiite nzuri? Wauguzi pale wanapiga soga tu.

Nesi Mstaafu
Soga? Mwanangu, nimefanya kliniki ya Jumanne miaka 19. Wagonjwa 80, wauguzi wawili, mashine moja, na stripu za kupimia damu zikiisha tunachanga wenyewe. Pole sana kwa mama, lakini hilo neno lirudishe.

Fundi Maabara
Sukari ya asubuhi inakwambia ya asubuhi hiyo tu. Wengi hujinyima siku mbili kabla ya kliniki, daftari linapendeza. Kinachofichua ni kipimo cha damu cha HbA1c, wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3, maana seli nyekundu huishi kama siku 120. Ila mwenye selimundu au upungufu wa damu kinaweza kumpotosha.

Kijana wa Moro
Tuseme ukweli, wazee wenyewe ugali wa sembe mlima. Wale dona waone.

Mkulima Songea
Dona nalo ni wanga! Baba yangu kala dona maisha yake yote, mahindi ya shamba lake, na sukari ikampofua. Usituambie tumejitakia.

Kijana wa Moro
Sijasema mmejitakia, kaka. Pumba inapunguza kasi ya sukari kupanda, basi. Na kipimo cha ugali ni ngumi moja, si sahani nzima.

Mkulima Songea
Na hiyo ngumi nani alimwonyesha baba? Kliniki waliandika "azingatie mlo" wakaita mwingine.

Nesi Mstaafu
Binti, bado nasubiri. Miguu ningependa kuiangalia. Ule uzi wa gramu 10 wa kupimia kama mguu bado una hisia ukikosekana, mgonjwa anafumba macho, unamgusa vidole vya miguu kwa ncha ya kidole chako, anasema kama anasikia. Dakika mbili. Zidisha kwa 80 uniambie tutafunga saa ngapi.

Binti wa Temeke
Nimelirudisha, mama, shikamoo. Lakini kwa asiye na tatizo inatosha mara moja kwa mwaka. Wagonjwa 80 kwa miezi 12 ni kama saba kila kliniki, hata robo saa haiishi. Mama yangu alihudhuria zaidi ya mara 70. Zamu yake ilikuwa lini?

Nesi Mstaafu
Marahaba. Hapo sina jibu, mwanangu.

Mama Wawili
Samahanini, ile ngumi ni ya mpishi au ya mgonjwa? Mama mkwe ana sukari, anaingia kesho, na mimi ndiye nitakayempikia.