Naomba ushauri: bastola ya Glock 19 au rivolva ya .38 kwa ulinzi wa nyumbani?

Wadau, ombi la cheti liko Bodi ya Leseni za Silaha hapa Kenya, bado kuchagua. Glock 19 ya 9mm hubeba risasi 15, ila mkono ukilegea sleidi (kipande cha juu kinachosogea) hairudi nyuma kikamilifu na ganda la risasi hukwama linapotoka. Rivolva ya risasi 5 haina shida hiyo, lakini traiga ni nzito kuvuta na mtutu mfupi hurusha mkono. Anayeanza hukosa shabaha hata mita saba. Kwa viganja vidogo, ipi? Sefu nayo: ya namba, au ya alama za vidole (jasho likiingia hukataa)? Halafu kuta za ndani ni mbao, 9mm hupenya, na watoto hulala upande wa pili.