Kuku aina ya Andalusia wa bluu: mbona vifaranga wanatoka rangi tatu?

Banda_la_Nyuma: Wakuu, jogoo wa Andalusia ni bluu, matetea wanne nao bluu. Mashine imetotoa vifaranga 19: 10 wa kijivu (ndio bluu), 5 weusi, 4 weupe wachafu. Nimeuziwa chotara? Na nikitaka bluu watupu nifanyeje?

Fundi Mabawa: Chotara wapi! Hesabu yako iko sawa kabisa. Bluu hii inatokana na jeni moja, Bl. Kuku mwenye nakala moja ni bluu, mwenye mbili ni mweupe wa madoadoa, asiye nayo ni mweusi. Bluu kwa bluu hutoa nusu bluu, robo weusi, robo madoadoa, hata ufuge miaka mia. Ndiyo maana wanasayansi Bateson na Punnett kule Uingereza waliwatumia kuku hawa kuchunguza urithi. Ukitaka bluu watupu, pandisha jogoo wa madoadoa kwa matetea weusi, au kinyume chake. Kwa hiyo hao weusi na weupe unaowaona "wameharibika" usiwachinje, ndio mtaji.

Mama Kuku: Ila bluu watupu si lazima wawe bluu wazuri. Uzuri wa Andalusia ni pindo: kila unyoya wa kifuani uzungukwe na ukingo uliokolea, karibu mweusi. Pindo hilo kwa mweusi halionekani, na kwa wa madoadoa halisomeki, hivyo wachague kwa kuwatazama ndugu zao wa bluu. Mweusi awe na mng'ao wa kijani. Jogoo mwenye wekundu mabegani mtoe, maana Bl hufifisha weusi tu, wekundu haiugusi. Kama ni jua limemuunguza, akinyonyoka manyoya mapya yatakuja safi. Yakirudi na wekundu uleule, hiyo ni damu, yaani urithi.

Banda_la_Nyuma: Nikibadilisha jogoo leo, mayai ya kutotolesha naanza kukusanya lini?

Fundi Mabawa: Ngoja wiki 3. Mbegu za jogoo wa zamani hukaa ndani ya tetea wiki 2 na zaidi. Mayai ya kipindi hicho kaanga.

Mama Kuku: Na wavishe pete za miguu mapema, kila rangi ya wazazi pete yake, ubadilishe miguu inavyonenepa. Kuhusu chotara, angalia yai: Andalusia hutaga meupe, ana ndewe nyeupe na upanga wa kichwani wenye meno 5. Tetea akitaga la kahawia, hapo rudi kwa muuzaji.